Kuchanganya mazao ili kupunguza wadudu: maboga yaliniponza, kunde zikanisaidia

Jembe la Misungwi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba tujadili kwa utulivu jambo linalotugusa wote tunaolima mahindi kando ya ziwa hili la Victoria, yaani namna ya kupunguza wadudu shambani kwa kuchanganya mazao badala ya kutegemea bomba la mgongoni peke yake. Nimesoma mara nyingi humu kwamba mkulima akichanganya mazao wadudu hupungua, nami niliamini hivyo kwa miaka bila kuuliza ni mazao gani na ni wadudu gani. Vuli iliyopita shamba langu lilinijibu swali ambalo sikuwa nimeuliza.

Ninalima ekari mbili na nusu huku Misungwi. Sehemu ya juu ni luseni, ule mchanga ambao maji hayatulii, na ya chini inateremka hadi mbugani ambako jembe hunasa mvua ikizidi. Mahindi niliyaweka katikati, na kwa kuwa mbegu za kunde ziliniishia kabla sijamaliza, eneo likagawanyika vipande vitatu: cha kwanza mahindi na kunde mstari kwa mstari, cha pili mahindi na maboga kama mama alivyokuwa akipanda tangu tukiwa watoto, na cha tatu mahindi matupu. Samadi ilikuwa ileile, mbegu ya mahindi ileile, na vyote vilipandwa siku mbili mfululizo.

Wiki ya nne nilipita asubuhi kabla jua halijawa kali. Katika kipande cha maboga karibu kila shina la pili lilikuwa na majani yaliyotobolewa, na nilipofungua moyo wa mhindi nilikuta kinyesi kinachofanana na vumbi la msumeno lililolowa, na chini yake kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyokaa kimraba karibu na mkia. Huyo ni kiwavijeshi vamizi, na yeyote aliyelima mahindi nchini tangu 2017 hahitaji kutambulishwa kwake. Mahindi matupu nayo yalikuwa yameshambuliwa, ila si kwa kiwango kile. Kwenye kunde nilizunguka mpaka umande ukakauka miguuni, nikakuta mashina machache tu, na baadhi yake yalikuwa na alama za kutafunwa lakini kiwavi mwenyewe hayupo.

Nilidhani nimehesabu vibaya, hadi niliposoma kwamba watafiti waliopita katika mashamba ya wakulima wadogo mashariki mwa Zimbabwe, ambao matokeo yao yalichapishwa 2019, walikuta jambo hilohilo: mahindi yaliyochanganywa na maboga yaliumizwa zaidi na kiwavijeshi vamizi, na yale yaliyopaliliwa mara kwa mara yalipata nafuu. Sasa fikirini wakuu, ni nani kati yetu ambaye hana maboga ndani ya mahindi?

Naungama pia kosa langu. Nilipoona hali ile nilikimbilia duka moja la pembejeo, nikauziwa kiuatilifu ambacho muuzaji alisema kinaua kila kitu, nikapuliza saa sita mchana. Wakati huo viwavi wote wamezama ndani ya moyo wa mhindi na juu wameziba kwa kinyesi chao, kwa hiyo dawa iliishia kwenye majani na, naamini, kwenye wadudu ambao walikuwa wakinisaidia. Siku chache baadaye sikuona hata bibi kidudu mmoja katika kipande kile, ilhali viwavi walikuwepo.

Ninachoomba kutoka kwenu ni hiki. Kwanza, ni mchanganyiko upi hasa umewafaa katika udongo na mvua zetu? Pili, kuna anayetumia ile njia ya sukuma-vuta, ya kupanda mmea wa kumfukuza mdudu ndani ya shamba na mwingine wa kumvuta nje, upande huu wa ziwa, au ni ya Wakenya tu?

Mwana Kwimba

Kunde zilikupunguzia viwavi, sawa. Lakini mahindi uliyovuna katika kipande hicho yalikuwa mangapi ukilinganisha na yale matupu? Maana mdudu akipungua na mavuno nayo yakapungua kwa kubanana, sijaona faida.

Jembe la Misungwi

Swali zuri, ndugu yangu. Magunia ya mahindi yalikaribiana sana katika vipande hivyo viwili, ila kipande cha kunde kilinipa na debe tatu za kunde kavu, bila kuhesabu majani tuliyochuma kwa mboga tangu wiki ya tano. Maboga ndiyo yaliyorudi nyuma waziwazi.

Mgani Mstaafu

Mwangaluka wote. Nimefanya kazi ya ugani katika wilaya za huku kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nina furaha kuona uzi ambao umeanza na shamba badala ya kuanza na matangazo ya dawa. Nitaeleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Nianze na kunde. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa 2018 ulilinganisha mahindi matupu na mahindi yaliyochanganywa na mikunde ya kuliwa, kama maharage na karanga, ukaonyesha kwamba kiwavijeshi vamizi na funza wa mabua wote hupungua, hasa kuanzia mche mchanga hadi mahindi yanapokaribia kutoa mbelewele. Baada ya hapo tofauti hupungua. Kwa hiyo alichokiona ndugu yetu wa Misungwi katika wiki ya nne kinaendana na hali hiyo, na wakati huo ndio wenyewe ambao mhindi ukitafunwa moyo haupati nafuu kirahisi.

Sasa sukuma-vuta. Kuna utani wa zamani kwamba sisi Wasukuma tumekwisha kuwa nusu ya teknolojia hiyo kwa jina tu, ingawa kwa Kisukuma neno hilo maana yake ni kaskazini wala halihusiani na kusukumana. Njia hii ilibuniwa miaka ya 1990 na watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, wakiongozwa na Zeyaur Khan na kushirikiana na wenzao wa Rothamsted huko Uingereza. Watu wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Mbita, ufukweni mwa ziwa letu hilihili, upande wa Kenya. Kwa hiyo tusiseme ni kitu cha mbali, kwa kuwa maji wanayoyatazama wao asubuhi ndiyo tunayoyatazama sisi.

Adui wa kwanza waliyemlenga alikuwa funza wa mabua, na kwa kweli ni wawili: mmoja ni mwenyeji wa Afrika na mwingine aliingia kutoka Asia. Kati ya mistari ya mahindi walipanda desmodiamu, mkunde unaotambaa, na kuzunguka shamba wakapanda majani ya tembo, ambayo wengine mnayaita mabingobingo. Maelezo yaliyotolewa tangu mwanzo ni kwamba harufu ya desmodiamu humfukuza nondo anayetafuta pa kutagia na wakati huohuo humwita nyigu mdogo ambaye hutaga ndani ya funza na kumuua, ilhali harufu ya majani ya tembo humvuta nondo nje ya shamba. Jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolieleza ni hili: harufu ile ya majani ya tembo huongezeka takribani mara 100 katika saa ya kwanza ya usiku, wakati ya mahindi na mtama huongezeka kama mara 10 tu, na saa hiyo ndiyo nondo anapotafuta pa kutaga. Funza anapoanguliwa kwenye majani ya tembo na kujaribu kutoboa, mmea hutoa utomvu unaonata, na walio wengi hufa hapo.

Faida ya pili waliikuta bila kuitafuta. Waliona kwamba palipo na desmodiamu kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kinapungua kupita kiasi ambacho kivuli au mbolea vingeweza kueleza. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali ambazo nyingine huamsha mbegu za kiduha na nyingine huzuia mizizi yake isishike mhindi, kwa hiyo mbegu huota na kufa bila kupata wa kumnyonya. Mnakijua kiduha cha kwenye luseni, kile chenye maua ya zambarau yanayopendeza wakati mahindi yanadumaa. Mmea mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, nazo hukaa hai udongoni zaidi ya miaka 10. Palizi ya mkono peke yake haiwezi kumaliza akiba kama hiyo, kwani kwa siku unayokiona juu ya ardhi kimekwisha kunyonya chini kwa wiki kadhaa.

Kuhusu kiwavijeshi vamizi, utafiti uliochapishwa 2018 uliwafuata wakulima 250 wa maeneo makavu ya Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa wakitumia sukuma-vuta ya ukame, yaani desmodiamu ya jani la kijani pamoja na nyasi za brakiaria za aina ya Mulato II badala ya majani ya tembo. Viwavi kwa kila mmea walipungua kwa asilimia 82.7, uharibifu kwa asilimia 86.7, na mavuno yakawa mara 2.7 ya mahindi matupu. Tuzipokee takwimu hizi tukikumbuka kwamba mavuno hayo yamebeba faida za udongo na kiduha pia, si za kiwavi peke yake.

Na hapa niwe mkweli. Mwaka 2023 watafiti wa Uswidi na wenzao walitoa matokeo yanayopinga maelezo ya harufu. Walipopima shambani walikuta desmodiamu haitoi harufu nyingi kama ilivyodhaniwa, na nondo wa kiwavijeshi hawakuonekana kuikimbia. Walichokiona ni kwamba majani na shina la desmodiamu yamejaa vinyweleo, vingine vyenye ndoano, na viwavi wadogo wanaopita juu yake hunaswa, hutobolewa na kufa. Wapo wanaokubali na wapo wanaokataa, na mjadala unaendelea. Kwa mkulima tofauti si ndogo: ikiwa kazi inafanywa na ndoano, basi desmodiamu iliyopandwa kwa kurukaruka haitasaidia sana, bali lazima izibe ardhi yote kati ya mistari.

Jembe la Misungwi

Mzee wangu, wabeja sana. Umenifungua macho katika jambo la maboga. Kiwavi huyu akianguliwa hujining'iniza kwa uzi mwembamba na kupeperushwa na upepo hadi mhindi wa jirani. Je, inawezekana kwamba anayeangukia kwenye desmodiamu ananasa, lakini anayeangukia kwenye jani pana la boga hupata kivuli na daraja la kuvukia?

Mgani Mstaafu

Inawezekana, na wazo hilo la daraja na maficho halipingani na ninachokijua, lakini usilitangaze kama jambo lililothibitishwa. Ongeza na hili: boga likishatanda, mkulima huacha kupalilia kwa kuogopa kukanyaga mashina yake, na umesema mwenyewe kwamba palizi ilikuwa na faida yake kule Zimbabwe. Sina ugomvi na maboga; yahamishe pembeni, karibu na jaa la samadi, yatazaa vizuri zaidi.

Mwana Kwimba

Nimesoma yote kwa makini na nakubali kwamba elimu ipo. Lakini naomba mnisaidie kwenye kitu ambacho maelezo ya namna hii hukiruka siku zote, nacho ni ng'ombe.

Huku kwetu mavuno yakishatoka, shamba si la mtu tena. Mwezi wa sita hadi wa tisa mifugo inatembea popote penye bua, na hakuna anayeona kwamba amekosea, kwa sababu jana ng'ombe wangu walikuwa kwake na leo wake wako kwangu. Sukuma-vuta inadai mimea miwili ya kudumu, ambayo yote miwili ni chakula kitamu cha ng'ombe, ikae kijani shambani wakati wa kiangazi huku kila kitu kingine kimekauka. Mtu akipanda mzunguko wa majani ya tembo kwenye shamba la mbali na nyumba, amewaandalia karamu ng'ombe wa kijiji kizima. Mimi nilipanda. Mistari mitatu kuzunguka nusu ekari, niliyoinunulia vipandikizi na kuvibeba kwa baiskeli. Nilisafiri siku nne kwenda msibani Ngudu, niliporudi nilikuta visiki vilivyotafunwa hadi usawa wa ardhi na kwato zimevuruga desmodiamu yote. Niliyemshuku alinisalimia vizuri tu, nami nilikosa la kumshitakia, kwa kuwa hata mimi nisingejua kama ningewazuia wangu.

Kwa hiyo swali langu halihusu nondo. Ninachotaka kujua ni kwamba mimea hii ina mwenyewe nani wakati wa kiangazi?

Mama wa Buchosa

Kaka wa Kwimba, pole, na hilo ndilo lililonifanya nami nianze na kipande kidogo nyuma ya nyumba, mahali ambapo hata mbuzi akiingia nitamsikia nikiwa jikoni. Ninayo sukuma-vuta ya robo ekari, sasa inaingia mwaka wa tatu, na nitawaeleza ilivyokuwa badala ya inavyoandikwa kwenye vipeperushi.

Mbegu ya desmodiamu ni ndogo kuliko ya mchicha na bei yake ni ya kutisha. Kipimo ni kilo moja kwa ekari. Nilishauriwa nichanganye na mchanga mkavu uliochekechwa, nichore mfereji mwembamba katikati ya mistari ya mahindi kwa kijiti, nimwage kidogo kidogo na kufunika kwa vumbi tu, kwa maana ukiifukia kama mahindi haitoki. Mahindi yenyewe yalikuwa sentimita 75 mstari hadi mstari, na mzunguko wa majani ya tembo ukaachwa mita moja kutoka mstari wa mwisho ili usiyanyang'anye jua na chakula.

Mwaka wa kwanza nilikata tamaa mara mbili. Desmodiamu huanza polepole mno. Wiki ya tatu ina majani matatu ya duara yaliyolala chini, na mtu asiyeijua anaiona kama gugu. Nilileta vibarua wawili kwa palizi, nikawaonyesha mistari, nikarudi ndani kumnyonyesha mtoto. Niliporudi walikuwa wamepalilia vizuri sana, ardhi nyeupe kama imefagiliwa, na mistari minne ya desmodiamu imekusanywa kwenye rundo la magugu. Niliichambua rundo hilo kwa mikono hadi jua likazama, nikarudisha niliyoweza kurudisha, na nyingi ilikufa. Tangu siku hiyo palizi mbili za mwanzo nafanya mwenyewe, na kando ya kila mstari nachomeka vijiti.

Mwaka wa pili ikatanda. Kabla ya kupanda mahindi naikata, nabakiza kama vidole vinne juu ya ardhi, na inayokatwa inaenda kwa ng'ombe wangu mmoja wa maziwa aliye bandani. Baadaye naikata tena isiyapande mahindi. Kiduha bado ninakiona, lakini ni cha kuhesabu kwa vidole. Kiwavijeshi sijammaliza, kuna asubuhi namkuta, namponda, naendelea. Bomba sijalishika kwa misimu miwili.

Na jambo ambalo wanaume hamkuuliza: maharage yangu yako wapi? Nayapanda kwenye mstari uleule wa mahindi, kati ya shina na shina, na desmodiamu inabaki na nafasi yake. Bila hivyo nisingekubali, kwa kuwa desmodiamu hailiwi na watoto.

Mgani Mstaafu

Hilo la maharage linakubalika kabisa, dada, na limejaribiwa bila kuharibu kazi ya desmodiamu. Umelieleza vizuri kuliko ambavyo tungelieleza kwenye mafunzo.

Kwa ndugu wa Kwimba: hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, na sitaipamba. Sukuma-vuta ilikua haraka katika maeneo ambako ng'ombe wamefungwa bandani na majani yana bei. Palipo na ng'ombe wa kuzurura, mimea ya kudumu inahitaji makubaliano kabla ya kuhitaji mbegu. Lakini Usukuma si wageni wa makubaliano ya namna hiyo. Ngitili ni nini, kama si ardhi ambayo watu walikubaliana isiguswe hadi kiangazi kikikolea? Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulifufua maelfu ya hekta kwa kuitegemea desturi hiyo. Kama mzunguko wa majani ukitambuliwa kuwa ngitili ya mwenye shamba, mbele ya wazee na serikali ya kijiji, jirani atajua anachokivunja. Pasipo makubaliano hayo, mwenye shamba la mbali abaki na kunde, karanga, choroko na mbaazi ambazo ni za msimu, avune, na aruhusu ng'ombe waingie.

Mwana Kwimba

Hapo tumeelewana. Kwa mbaazi nina shaka kidogo, nayo hubaki shambani hadi mwezi wa nane na ng'ombe huipenda.

Mgani Mstaafu

Ni kweli, mbaazi niiondoe kwenye orodha hiyo.

Mkara wa Bwisya

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Nimetabasamu kusoma swali la "mimea ina mwenyewe nani wakati wa kiangazi", kwa sababu kwetu Ukara lilijibiwa kabla sijazaliwa. Kisiwa ni kidogo na watu ni wengi, kwa hiyo ng'ombe tangu enzi za mababu walifungwa ndani, mara nyingine kwenye shimo ndani ya nyumba, wakaletewa majani kwa kichwa, na samadi ikatolewa kwa kichwa vilevile kurudi shambani. Kila mti na kila kipande cha majani kando ya maji kilikuwa na mwenyewe. Na ndani ya uwele wazee walipanda mmea wa jamii ya marejea, uwele ukishavunwa marejea inabaki, inakua, kisha inalimiwa chini kuwa mbolea.

Sisemi walifanya hivyo kwa ajili ya wadudu. Walifanya kwa ajili ya udongo, ingawa mimea ya jamii hiyo inajulikana pia kwa kudhoofisha minyoo fundo. Ninachosema ni kwamba kupanda mkunde usiolika ndani ya nafaka na kumlisha ng'ombe bandani si ugeni katika ziwa hili, na wala halikuhitaji mradi. Lilihitaji kubanwa na ardhi.

Pamba ya Magu

Kwetu sisi wa pamba mambo ni tofauti, na naomba asije mtu akasoma uzi huu akaenda kuchomeka mahindi ndani ya pamba. Funza wa vitumba anakula pamba, mahindi, nyanya, dengu, mbaazi na alizeti. Mahindi yakitoa ndevu yanamvuta kwelikweli, lakini yakikauka wakati pamba inaanza kuweka vitumba, nondo wote waliozaliwa humo wanahamia kwenye pamba, na wewe ndiye uliyewalea. Mtego unaozaa bila kuua unakuwa kitalu cha wadudu. Hiyo ni sababu mojawapo ya maafisa ugani kusisitiza pamba ipandwe peke yake.

Wenzetu wa pamba hai, ile inayolimwa bila dawa za viwandani, kule Meatu hupanda mistari ya alizeti ndani ya pamba. Nilikwenda kutazama. Alizeti humvuta funza huyo, na pia huvuta sisimizi na wadudu wengine wanaokula mayai na viwavi wadogo. Nilipindua kichwa kimoja cha alizeti na kukuta msururu wa sisimizi ukipanda na kushuka, mmoja amebeba kiwavi mchanga mrefu kuliko yeye. Lakini mkulima yule alikuwa akipita kila asubuhi kukagua vitumba kabla ya kuamua lolote, na hiyo ni kazi ambayo mtu mwenye ekari nane za pamba atasema hana muda nayo.

Bustani Ilemela

Na sisi wa nyanya je? Kanitangaze, yule kiwavi wa nyanya, ananimaliza. Nikichanganya na vitunguu au giligilani nitapona?

Mgani Mstaafu

Ndugu yangu, nisikudanganye. Kanitangaze alitoka Amerika ya Kusini, akaingia nchini mwaka 2014, na anaishi ndani ya jani, kwa hiyo hata dawa humfikia kwa shida. Vitunguu na giligilani vitakusaidia kuvuta wadudu rafiki na kukupa kipato cha pembeni, lakini havitamzuia peke yake. Kusanya majani na matunda yaliyotobolewa uyafukie, tundika mitego ya harufu ya jike kukamata madume, na usipande nyanya juu ya nyanya, wala viazi mviringo baada ya nyanya. Ukitaka, fungua uzi wake, nitakuja, kwa sababu huyu anastahili ukurasa mzima.

Jembe la Misungwi

Nawashukuru wote. Nimeamua hivi. Maboga yanahamia karibu na zizi. Ekari moja na nusu ya mbali na nyumba itakuwa mahindi na kunde, mstari kwa mstari, nikianza kukagua tangu wiki ya pili, asubuhi au jioni, na nikilazimika kupuliza nitapuliza jioni ndani ya moyo wa mhindi ulioshambuliwa tu. Kile kipande cha luseni nyuma ya nyumba, kisichozidi robo ekari na ambacho kiduha kimekifanya makao, nitakiwekea desmodiamu ya jani la kijani na brakiaria, kwa kuwa mchanga ule haushiki maji na nina wasiwasi kwamba majani ya tembo yatateseka. Ng'ombe wangu ni wawili. Mmoja nitamfunga bandani, na kwa huyo wa pili nitakwenda kuzungumza na jirani kabla ya mwezi wa sita.

Limebaki la mbegu. Kwa bei niliyoulizia jana mjini, robo kilo inanimaliza mfuko. Dada wa Buchosa, nimesikia desmodiamu inaota hata kwa vipande vya shina. Ni kweli, au ni maneno ya vijiweni?

Mama wa Buchosa

Ni kweli, na ndivyo nilivyoziba ile mistari minne iliyong'olewa. Unakata shina lililokomaa lenye vifundo vitatu, viwili unavifukia na kimoja kinabaki juu, udongo ukiwa umelowa kwelikweli, na hupandi siku ya jua kali. Mimi nitakata mwanzoni mwa vuli kabla ya kupanda mahindi, nayo ni mingi kuliko anavyoweza kula ng'ombe wangu. Vuka asubuhi, uje na gunia la katani lililoloweshwa, si kiroba cha nailoni, maana humo yatachemka kabla hujafika Misungwi. Na uje na mbegu ya hizo kunde zako, tubadilishane.